Shamba la Mti Mmoja

Mume wangu aliacha kuchimba dhahabu baada ya duara kumfunika mwenzake. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, linashuka kama kisima, na kuta zake huzuiwa na magogo tunayoyaita matimba. Timba moja lilikuwa limepinda. Lilikatika, udongo ukashuka, na yule mwenzake akatolewa akiwa maiti. Mume wangu alirudi nyumbani Kharumwa, akavua buti uani, akaniambia kwamba kuanzia sasa yeye atapanda miti. Atapanda mikaratusi iliyonyooka, yenye unene mmoja, ili mtu akishuka duarani asiwe na wasiwasi na kilicho juu ya kichwa chake.

Sikumpinga. Tulikuwa na shamba la pamba lililochoka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kusikiliza kama kuna pikipiki inakuja kuniletea habari mbaya. Akaenda Runzewe kwa muuza miche mmoja aliyesifika, akarudi na mzigo umejaa gari. Miche yenyewe ilipendeza. Haikuota kwenye mbegu. Vilikuwa vijitawi vilivyokatwa kwenye mti mmoja bora, vikaotesha mizizi, na vilivyokua vikakatwa tena na tena. Muuzaji alimweleza hayo kwa fahari, na mume wangu akanieleza mimi kwa fahari ileile. Yote itakuwa kama mama yake, alisema.

Ng'ambo ya njia ya ng'ombe, dada yake mkubwa, wifi yangu, naye alipanda. Yeye hakununua. Kila alipokwenda msibani au harusini aliokota vifuko vya mbegu chini ya mikaratusi ya watu, akavifunga kwenye ncha ya kanga. Vingine alivitoa Mwadui, chini ya miti mikubwa ya zamani, alipokwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Miti yake ikakua kila mmoja kwa akili yake. Huu mrefu, ule umepinda, mwingine una majani mapana, wa jirani yake majani membamba ya kijivujivu. Mume wangu alimtania kwamba anawajengea fisi makazi, na wifi alicheka tu, kwa sababu alitaka kuni na kivuli cha mbuzi, basi.

Ya kwetu ilikimbia kwenda juu. Ukisimama mwanzo wa mstari unaona moja kwa moja mpaka mwisho. Wenye maduara walianza kuja kuitazama, wanaipigapiga kwa viganja, wanauliza itakuwa tayari lini. Mume wangu alikuwa na kawaida ya kwenda kuiangalia kabla ya kunywa chai, na mara nyingi chai ilipoa.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimeisha, nilikwenda mimi kuokota majani makavu ya kuwashia moto. Tawi moja lilinigusa shavuni, nikaona jani limevimba. Mshipa wake wa katikati ulikuwa umejaa vinundu, kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga, na jani lote limejikunja. Nikatazama jani la pili. Nikaenda mti wa pili. Nikafuata mstari mpaka mwisho, nikarudi na mstari mwingine. Nilikuwa natafuta mti mmoja tu uliopona. Sikuupata.

Nilimwita mume wangu. Alikuja na mswaki mdomoni, akashika jani, akashika jingine. Mate ya dawa yalimchuruzika kidevuni na hakuyafuta.

Nikavuka njia kwenda kwa wifi, nikiamini kwamba na huko kumekwisha. Tukasalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaanza kuuliza habari za nyumbani, lakini mimi nilikuwa tayari nashika majani. Mti wake wa kwanza ulikuwa na vinundu vilevile. Wa pili, uliogusana nao matawi, ulikuwa safi. Nilipitisha vidole juu na chini ya majani nikidhani macho yananidanganya. Safi kabisa. Mbele yake palikuwa na mmoja mgonjwa kidogo, kisha mitatu mizima, kisha mmoja uliokuwa umeumia sana. Upepo ni uleule, mvua ni ileile, na kati yetu ni njia ya ng'ombe tu.

Ofisa misitu alikuja baada ya siku chache, dada mdogo wa umri, kwa pikipiki. Alipasua kinundu kwa ukucha akatuonyesha buu jeupe ndani, dogo kama punje ya chumvi. Hilo, alisema, likikua linatoka nyigu mweusi mdogo kuliko usubi, anakwenda kutaga jani jingine. Kisha akaomba kitambaa cheupe. Nikampa shuka. Tukalitandaza chini ya mti wetu, akapiga tawi kwa fimbo. Wakaanguka wale weusi, wengi kama vumbi, na sisimizi wachache. Akapiga mti mwingine mbali na pale. Ni walewale.

Tukahamia kwa wifi. Tawi la kwanza lilipopigwa, wifi aliruka nyuma. Buibui wa kijani, viwavi, vunjajungu, mbawakawa anayeng'aa kama shaba, mdudu mwekundu mwenye madoa, na nyigu wa aina nyingine ambao dada yule aliinama kuwatazama kwa karibu. Mti uliofuata uliangusha kundi lingine, nusu yake hatukuiona kwenye ule wa kwanza. Wifi alisema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote amelaza mbuzi wake humu na hakujua anaishi na taifa zima.

Yule dada alitufafanulia taratibu. Miti iliyotoka kwenye mbegu haizaliwi sawa, kama watoto wa familia mbalimbali. Mmoja una harufu hii, mwingine jani gumu, mwingine unachipua mapema, na kila mdudu huchagua anapopapenda. Penye walaji wa aina nyingi, huja pia wanaowala walaji. Hata wale nyigu aliowainamia baadhi yao hutaga ndani ya mabuu ya wengine na kuyaua. Hakutuahidi kwamba miti ya wifi haitaugua kamwe, maana mwaka mwingine anaweza kuja mdudu mwingine akaipenda ile iliyopona sasa. Lakini hawezi kuipenda yote.

Kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, wewe kule kwako huna miti mingi. Una mti mmoja, umeupanda shamba zima. Mdudu akishaujua mmoja, ameijua yote."

Mume wangu aliokota jani, akalikunjua. Halafu akamwambia kuhusu duara na mwenzake, jambo ambalo hata mimi alinisimulia mara moja tu. "Nilitaka isitofautiane," alisema.  Yule dada alikaa naye chini pale kwenye majani mpaka jua likawa kali.

Tuliikata miti yetu yote. Visiki vilichipua baada ya mvua, machipukizi mekundu, laini, nasi tukafurahi kama wajinga. Hayakufika magotini kabla ya kuvimba. Kumbe chipukizi nalo ni mti uleule. Siku hiyo ndipo nilipomwona mume wangu akilia, si siku ya duara. Tukang'oa visiki, na wifi akaja na jembe lake bila kuitwa.

"Dada, nigawie mbegu," mume wangu alimwambia.

"Za mti upi?"

"Za yote."

Sasa miti ya mbegu hizo ipo kimo cha paa. Haipangiki, na mmoja umeliwa majani yote ukabaki mishipa mitupu. Mume wangu ameuacha hivyohivyo.

Mwaka huu nilikwenda Runzewe kwa basi, kwenye msiba. Nilikaa dirishani. Tulipopanda kilima nikaona shamba la mikaratusi limekauka vilele, majani yamejikunja. Mbele likaja jingine. Kisha jingine, vilima kwa vilima, mistari ileile iliyonyooka. Abiria wakasema ni ukame. Nikajua wote walinunua mahali tuliponunua sisi. Mti wetu ulikuwa umesimama barabara nzima, na nilikuwa nimedhani msiba ule ni wa nyumba yangu peke yake.

Nilimweleza mama aliyekaa kando yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akatoa simu, akampigia mumewe, akamwambia aende shambani sasa hivi akashike jani.