Hela za Kumleta Waheed

Watu wa mtaa wetu hapa Bradford, Uingereza, wanasema Gulnaz alijitakia. Waseme, midomo ni yao. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tumzike baba yake, na sijaona mwanamke anayejinyima kama yule. Alikuwa mpishi wa shule, mshahara wenyewe kiduchu, haufikii kile serikali inachotaka ili umlete mume kutoka ng'ambo. Ikabaki njia ya akiba: pauni elfu themanini na nane na mia tano, zikae benki miezi sita bila kushuka hapo, ndipo mumewe Waheed aruhusiwe kuja kutoka Mirpur, Pakistan.

Akazipata. Urithi wa baba, dhahabu ya harusi, upatu, na miaka ya kula dengu. Zikazidi kidogo tu.

Mwezi wa nne wa kungoja ukaangukia Ramadhani. Nikamkuta anapiga hesabu ya zaka.

"Mdogo wangu, hizo usiziguse," nikamwambia. "Viza ikitoka utalipa. Mungu hakimbii."

"Haki ya maskini ilale kwenye akaunti yangu, halafu nimwombe Mungu aniletee mume? Hapana, dada. Zamu yangu ya upatu iko karibu, nitajazia kabla ya Idi."

Akaitoa zaka, na kweli akajazia. Lakini wale wa viza hawaangalii ulichorudisha, wanaangalia siku ile hela zilipokuwa chini kabisa. Ombi likakataliwa, aanze upya miezi sita mingine. Mimi nililia kwa hasira. Wanawake wa upatu wakacheka, eti katoa zaka na mume juu.

Alimpigia Waheed nikiwa jikoni kwake, simu iko mezani, sauti wazi.

"Hao maskini wako wasingeweza kungoja?" Waheed akauliza. "Mbona mimi nangoja mwaka wa tatu?"

"Ni miezi sita tu, mume wangu."

"Mama anaumwa, Gulnaz. Anataka mkamwana ndani ya nyumba, si kwenye simu."

Miezi ikapita, hela hazikuguswa. Siku ilipotimia akaniita nisikie, akampigia amwambie aandae pasipoti.

"Nimeoa," Waheed akasema. "Binti wa mjomba. Mama ndiye aliyeshikilia."

Gulnaz akaisogeza simu karibu.

"Lakini wewe bado mke wangu. Hiyo viza endelea nayo, nikifika huko tutaelewana."

"Na yeye utamleta lini?"

Waheed akaanza kueleza habari za mama yake. Gulnaz akakata simu, akakaa. Nilimtukana yule mwanamume matusi yote ninayoyajua, sikupata nafuu.

"Dada," akaniuliza, "ningelipa zaka baadaye, angeningoja?"

Nilitaka kumwambia asingengoja, apate kupumzika. Nikashindwa, kwa sababu sikujua.