Pazia Lisiloingizwa Ndani

Siku moja Bi Kikuno alipiga chafya dukani kwake, na mgeni mmoja akaruka nusura adondoshe kamera. Alidhani yule bibi aliyekaa kwenye jukwaa la mikeka ni sanamu, kawekwa pale na kamati ya uhifadhi kama walivyoweka mapipa matupu mbele ya iliyokuwa nyumba ya pombe. Mgeni aliinama, akaomba radhi, kisha bila haya akaomba ampige picha.

"Piga," alimwambia Bi Kikuno. "Lakini na hii mitalawanda inauzwa, mwanangu. Haikuwekwa hapa ikodolewe macho tu."

Mgeni akacheka, akapiga picha yake, akaenda zake bila kununua hata kamba ya kiatu.

Ndivyo ulivyo mtaa wa Shiomachi siku hizi. Nyumba nyeusi za wafanyabiashara wa zamani zimepangana pande zote mbili, zote zimetangazwa urithi, huruhusiwi kubadilisha hata dirisha la choo. Mabasi yanaleta watu kutoka kila upande waje waone maisha ya kale. Maisha yenyewe sasa! Waliokufa wamekufa, watoto wao wako Osaka, na ndani ya nyumba nyingi hamna kitu ila vumbi na taa za kamati. Waliobaki wakiuza kweli, wakila na kulala mlemle dukani, walikuwa wawili: Bi Kikuno na mitalawanda yake, vile viatu vya mti, na ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, Bi Sadayo na achari zake za figili.

Hao wawili waliingia mtaani wakiwa maharusi, mwaka mmoja, na tangu mwaka huo hawakuwahi kumaliza siku bila kurushiana maneno. Bi Sadayo alilaza figili zake kwenye pipa la pumba za mpunga alilorithi kwa mama mkwe wake. Pumba zile lazima uingize mkono uzikoroge kila siku ya Mungu, la sivyo zinachacha na kunuka mtaa mzima.

"Wewe Kikuno!" alikuwa akiita kutoka ng'ambo, mkono umejaa pumba hadi kwenye kiwiko. "Pumba zangu zina uhai kukushinda wewe!"

"Naujua uhai wake, naunusa mpaka chooni kwangu!"

"Heri yangu nanuka chakula. Wewe unanuka miguu ya watu!"

Na wageni wakipita katikati waliinua kamera, wakidhani ni maonyesho.

Lakini chini ya mizaha hiyo palikuwa na jambo lisilo na mzaha. Miaka michache nyuma mzee wa duka la chai alikufa peke yake ndani, na alipokuja kugunduliwa hakuwa wa kutazamwa. Mtaa mzima uliona aibu. Kuanzia hapo wale wajane wawili waliogopa kitu kimoja tu. Kufa hawakuogopa, hata. Waliogopa kufa na kuachwa palepale kama paka aliyegongwa barabarani.

Basi wakawekeana ahadi, na ahadi yenyewe ilihusu pazia. Kwetu pazia la mlangoni, tuliitalo noren, ndiyo kauli ya duka. Asubuhi ukilitundika umesema nipo, karibuni. Jioni ukiliingiza ndani umesema kwaherini. Mtu mwenye akili zake halali pazia lake likiwa nje.

"Ukiamka usione pazia langu," Bi Sadayo alimwambia siku hiyo, "usinipigie hodi. Vunja mlango."

"Huo mlango ni urithi, shoga. Watanifunga."

"Vunja urithi! Afadhali ufungwe wewe kuliko nioze mimi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kila asubuhi baada ya hapo, anayetangulia kutundika lake alisimama kizingitini akakohoa, akangoja la mwenzake litoke, ndipo akaenda kunywa chai.

Sasa huyo Morihiko. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Bi Kikuno, na Bi Kikuno ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa katibu wa kamati ya uhifadhi, na alikuwa akihangaika usiku na mchana mtaa usife. Mwanzoni mwa kiangazi akaja na gari limejaa mapazia mapya ya rangi ya nili, kila nyumba na alama yake, mpaka nyumba zisizo na watu, na mengine ya akiba juu yake.

"Kuanzia sasa yatakaa nje moja kwa moja, Shangazi. Asubuhi, jioni, duka liwe wazi au limefungwa. Wageni wa basi la kwanza wakifika wanakuta milango mitupu, inawavunja moyo. Tunataka mtaa uonekane una watu."

Bi Sadayo alikuwa amesogea kusikiliza. "Uonekane una watu?" akasema. "Kwani sisi ni nini, baba? Majini?"

Hakulitundika lile jipya. Alitundika lake kuukuu asubuhi, akaliingiza jioni, kama alivyozoea. Wajumbe wa kamati wakaanza kunung'unika kwamba nyumba moja inaharibu mtaa mzima, na kwamba katibu anashindwa na bibi kizee mmoja. Morihiko akamjia shangazi yake, uso umemshuka, akapiga magoti kwenye mkeka kabisa.

"Zungumza naye wewe. Mimi hanisikii. Wataniondoa, Shangazi, na akija mwingine ataugeuza mtaa huu wote uwe mikahawa."

Angefanyaje? Ni mwanawe. Akavuka barabara.

Bi Sadayo hakumkaribisha chai. Aliendelea kukoroga pumba zake.

"Umetumwa."

"Nimekuja mwenyewe. Sadayo, ni kitambaa tu. Litundike, tupumzike na maneno."

"Kitambaa tu." Akautoa mkono kwenye pipa. "Na mimi nikianguka humu ndani, utajuaje?"

"Nitakuona. Mimi si kipofu."

"Utaliona pazia, Kikuno. Hutaniona mimi."

"Aa, nawe! Unapenda mno kujitabiria mabaya. Kila siku utakufa, kila siku utakufa, na mbona hufi?"

Lilimtoka tu. Walikuwa wameambiana makubwa kuliko hayo, wakacheka. Safari hii Bi Sadayo hakucheka. Alifuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akalichukua pazia jipya lililokuwa limekunjwa kwenye kona, akatoka nalo, akalitundika.

"Haya. Litakaa nje mpaka lioze. Mwambie mwanao nimeshindwa. Na wewe usinikanyagie tena kizingiti changu."

"Sikikanyagi!" alisema Bi Kikuno, na akarudi kwake kifua kimejaa hasira.

Wakanuniana. Ilikuwa mara ya kwanza kununa kweli, na mtu akizoea maneno ya kila siku, kimya humchoma. Bi Kikuno alikaa dukani mgongo umegeukia barabara. Asubuhi alitupa jicho la wizi ng'ambo, akaliona pazia la nili liko palepale, akajisemea, hajafa huyo, amenuna tu. Akanywa chai yake.

Likaja lile joto la mwezi wa nane, la sikukuu ya kuwapokea wafu, mabasi yanamwaga watu kutwa. Asubuhi moja Bi Kikuno alisikia kitu kikigonga ng'ambo, du, kinatulia, du. Akajua ni yule, anapigilia vifuniko vya mapipa yake kwa kishindo ili amkere.

"Gonga tu," alinong'ona, akivuta kamba kwenye mtalawanda. "Utachoka mwenyewe."

Na kweli, jioni kugonga kukaisha.

Kesho yake wageni waliusukuma mlango wa Bi Sadayo, wakaukuta una komeo, wakapiga picha za pazia wakaondoka. Amejifungia asinione, alisema moyoni Bi Kikuno. Keshokutwa yake harufu ikaanza. Msichana mmoja wa mjini alisimama katikati ya barabara amejiziba pua kwa leso, akamuuliza, "Mama, ni nini hicho?"

"Ni pumba," Bi Kikuno alimjibu, na alicheka, masikini, alicheka. "Zisipokorogwa kwenye joto hili ndivyo zinavyokuwa. Mwenyewe kanuna, ameziacha."

Msichana akaandika kitu kwenye simu yake, akapita. Bi Kikuno akabaki na maneno yake mwenyewe mdomoni. Ameziacha? Sadayo aziache pumba? Siku ya kumzika mumewe alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba, jeneza linatoka, na alirudi ndani mbio kuingiza mkono pipani kwanza. Akiwa na homa alizikoroga akiwa amejifunga blanketi. Angeweza kununa na dunia nzima, lakini si na zile pumba.

Mtalawanda ukamdondoka. Akachukua nyundo yake ya mti, akavuka barabara peku, akauvunja urithi.

Bi Sadayo alikuwa chini, jikoni, upande huu wa pipa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mkono wake wa kulia ulikuwa na pumba zilizokauka hadi kwenye kiwiko, na ule wa kushoto ulikuwa umeshika jiwe la kukandamizia figili. Pale lilipokuwa likigongwa, ubao wa sakafu ulikuwa umebonyea.

Daktari alisema hakufa pale pale. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyake. Hakuna aliyemwambia kuhusu kule kugonga, na Bi Kikuno naye hakumwambia. Namie, binti wa marehemu, alifika kutoka Osaka na macho mekundu, akamshika mikono akamwambia, "Ahsante, mama. Kila nikipiga simu alikuwa akisema, usijali, Kikuno ananiangalia." Bi Kikuno alitaka ardhi imfunike. Akainamisha kichwa, akapokea shukrani isiyo yake.

Karatasi ya msiba ilibandikwa mlangoni na pazia likaondolewa. Matanga yalipokwisha, wakatengeneza mlango na kulirudisha. Bi Kikuno alipoliona alikwenda ofisini kwa Morihiko, akafoka mbele ya wajumbe mpaka sauti ikamkauka.

"Amekufa! Pazia linasema yupo, na amekufa! Mnatangaza uongo juu ya mlango wa maiti!"

"Shangazi, kaa kwanza. Mimi pia nimemlilia." Na alikuwa amelia kweli. "Lakini ile nyumba ni ya urithi. Tukiacha mlango mtupu mmoja, na mwingine, na mwingine, itabaki nini?"

Alikubaliwa jambo moja, kwa kuwa ni shangazi wa katibu: yeye aruhusiwe kuliingiza lake jioni. Akaliingiza. Asubuhi akalitoa, akasimama kizingitini, akakohoa. Ng'ambo pazia la nili lilikuwa limetangulia siku zote. Alikuwa amelichukua pipa la pumba, akilikoroga kila siku, ingawa hakujua kiasi cha chumvi na figili zake zilikuwa chungu. Wageni walizionja wakasema ni tamu sana, halafu wakazitema kwenye leso wakidhani haoni.

Majani yalipoanza kuwa mekundu na mabasi kuongezeka, aliamka asubuhi moja, akalichukua pazia na ufito wake, akafika nalo mlangoni. Akasimama. Kisha akalirudisha, akaliegemeza ukutani, akatia komeo, akaketi gizani kwenye mkeka. Alitaka kujua. Lile swali alilouliza mwenzake, nikianguka humu ndani utajuaje, naye alikuwa akilala nalo na kuamka nalo.

Nje mtaa uliamka. Alisikia viatu, vicheko, mtu akisoma kibao kwa sauti. "Hili limefungwa," alisema mwanamume. "Tuendelee." Wengine wakaja wakasema hivyohivyo. Jua likapanda, mwanga ukaingia kwenye nyufa za mlango, ukatambaa mkekani mpaka magotini pake. Hakunywa chai. Miguu ilimfa ganzi.

Adhuhuri ikawa imekaribia aliposikia gari likisimama, na hatua anazozijua tangu zikiwa ndogo. Amekuja, alijiambia. Mwanangu amekuja.

"Shangazi?" Morihiko aligonga mara moja. "Shangazi, upo?"

Bi Kikuno aliukazia macho mlango. Vunja, alisema kimoyomoyo. Vunja mlango, mwanangu.

Simu ikalia huko nje. "Naam, naam, nipo mtaani hapa," ilisema sauti ya Morihiko. "Ndiyo, wamenilalamikia na mimi, milango mitupu haipendezi kwenye picha... Hayupo, nadhani kaenda kliniki. Nitampigia simu jioni. Hapana, usiwe na wasiwasi, ninalo la akiba kwenye gari."

Hatua zikaenda, zikarudi. Ufito ukakwaruza kwenye kulabu juu ya mlango, na ule mwanga wa magotini pake ukageuka wa nili. Gari likawashwa, likaondoka taratibu kwa sababu ya watu.

Mara kundi jingine likafika, na mwanamke mmoja akasema kwa furaha, karibu kabisa na mlango, "Tazameni, hapa bado kuna mtu!" Kamera zikalia. Bi Kikuno akakaa palepale alipokuwa, asipige hata chafya, mpaka wakaondoka.