Mwache Bi Salama Aguse Mwenyewe

Kuna asubuhi moja pale Nateete, hapa Kampala, ninayoikumbuka kila nikimwona kijana anamwelekeza mtu asiyeona, "Bonyeza hapo." Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Dubai, mwanangu. Nilikuwa na stashahada ya kompyuta niliyoisomea jioni, baada ya kubeba mizigo ghalani mchana kutwa, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenisaidia. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Anayetaka cheti atakikuta ukutani ofisini kwangu.

Nilikuwa nimetengeneza programu ya simu ya kuitia boda, kwa ajili ya watu wasioona. Simu ilisoma kwa sauti chochote ulichokigusa. Aliyenijaribia alikuwa Bi Salama, jirani yetu, mwalimu wa Kurani aliyepoteza macho ukubwani. Alikuwa amepewa darasa la wanawake huko Lubaga, lakini kaka yake, Hajji Yusufu, muuza vitambaa wa soko la Owino, hakutaka aende. Kumpeleka kila siku hakuweza, na kumwacha asimame barabarani akitafuta usafiri hakupenda. Wakapatana hivi: Bi Salama akiweza kujiitia boda mwenyewe mbele ya kaka yake, ataenda. Akishindwa, darasa atapewa mtu mwingine.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Bi Salama alikuwa amekuja ofisini mara kadhaa, tukanywa chai, akaijaribu programu, na kila mara akasema, "Nzuri sana, mdogo wangu. Mungu akuzidishie." Maneno hayo nilimsimulia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Siku ya mtihani tukakaa sebuleni kwao. Bi Salama akashika simu. Nami, kama nilivyozoea ofisini, nikasogea karibu. "Shuka kidogo, dada. Kulia. Hapo hapo."

Hajji akavua miwani. "Wewe wa Dubai, nani anayeita boda hapa?"

"Yeye, Hajji. Mimi namwelekeza tu."

"Na Lubaga utakwenda naye? Dereva atakukalisha juu ya tangi la mafuta?"

Nikarudi kitini. Bi Salama akaanza upya, peke yake. Simu ikasema, "Kitufe." Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Picha. Kitufe." Mimi nilikuwa nimevipamba vile vitufe kwa rangi na michoro, lakini ndani ya programu sikuvipa majina. Mwenye macho hatambui kasoro hiyo. Asiyeona anasomewa neno lile lile popote anapogusa. Kule ofisini, sauti yangu ndiyo iliyokuwa ikimtajia.

Akabonyeza kimoja kwa kubahatisha, na ombi lake likafutika. Hajji akasimama. "Basi, Salama. Tumeona."

Dada wa watu hakulia. Aliilaza simu mapajani akaifunika kwa kiganja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nimekunywa chai yako, mdogo wangu," akasema. "Niweke kikombe chini halafu nikwambie kazi yako mbovu? Sikulelewa hivyo."

Ningeweza kuondoka na stashahada yangu. Badala yake nikamwambia Hajji, "Kilichoshindwa ni programu yangu, si dada yako. Nipe wiki moja, kisha ajaribu tena, mimi nikiwa nje."

"Nje wapi?"

"Barabarani."

"Hapo sawa. Mbali na mdomo wako."

Wiki ile nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya Dubai. Kila kitufe nikakipa jina lake. Cha kufuta nikakitenga na cha kuita, na nikakifanya kiulize kwanza. Programu ikawa inamtajia abiria namba ya pikipiki, na dereva anapewa jina la abiria. Bi Salama alipokuja kujaribu, hata maji sikumpa. Nilimwomba anitafutie makosa, na alipozoea, akayataja kwa raha kuliko nilivyotarajia. "Hii sauti yako inaongea kama inakimbizwa na polisi," akasema. Nikaipunguza kasi.

Mtihani uliporudiwa, nilisimama barabarani. Boda ikaja ikasimama langoni. Dereva akaita kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo Salama?" Bi Salama akatoka na fimbo yake, kaka yake akimfuata nyuma. Akamuuliza dereva namba ya pikipiki, akaridhika, akapanda. Hajji akaanza kumwambia dereva aende polepole, Bi Salama akamkatiza.

"Abiria ni mimi, kaka. Nitamwambia mwenyewe."

Wakashika njia ya Lubaga.

Mwanangu, wewe unayetengeneza programu leo, nisikilize. Ukimwita mtu asiyeona, au asiyesikia, au ambaye vidole vyake havimtii, akupimie kazi yako, funga mdomo na rudisha mikono yako. Mwache akwame, nawe uone alipokwama. Chai iwe baadaye, na sifa za mgeni usizichukue kuwa ushahidi. Usingoje siku ya uzinduzi ndipo umtafute, mwite mapema, wakati kubadilisha hakujakuuma. Na akishindwa, kagua ulichokitengeneza kabla hujamwonea huruma. Wengi wanaoifanya vizuri kazi hii hapa Kampala wamepita mikononi mwangu, na sioni haya kusema hivyo.

Mungu akupe akili ya kutengeneza na subira ya kutazama bila kugusa. Na kazi yako iwafikishe watu wanakokwenda, hata pale ambapo wewe hupo. Amina.