Mwenye Rangi wa Duluth

Kwenye kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta pale Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani, hukupata rangi bila kupiga hodi kwa Orrin Lindahl. Kompyuta za miaka ile zilionyesha rangi mia mbili hamsini na sita kwa mpigo, basi. Picha yenyewe haikubeba rangi. Kila nukta ilibeba namba tu, na namba hiyo ilielekeza kwenye nafasi fulani katika jedwali la rangi alilolitunza Orrin. Ukitaka rangi mpya, mwombe. Ukimkuta kanuna, mpelekee andazi la sukari.

Trudy Maki, mwandishi wa programu, ndiye aliyekuwa mwombaji sugu.

"Orrin, nipe nyekundu moja tu. Joka langu linatema uji badala ya moto."

"Hakuna nafasi."

"Mchoyo wewe! Ukifa tutakuzika na hilo jedwali lako."

"Mnizike na kahawa pia. Haya kaa, tutazame."

Alikuwa anadanganya. Nafasi zilikuwepo, kazificha. Lakini angempa papo hapo, Trudy angeondoka papo hapo, na nyumbani hakukuwa na mtu hata wa kumwambia kuna baridi. Mkewe alihamia Arizona zamani. Kwa hiyo Orrin alivuta maneno, akabishana, akamwonyesha nyekundu hii na ile mpaka kahawa ikapoa. Mimi simlaumu hata kidogo.

Siku moja Trudy alichoka kuomba, akaibadili nafasi moja kwa mkono wake mwenyewe. Moto ukawaka, tena vizuri sana. Kumbe namba ileile ndiyo iliyotia rangi ngozi za wanakijiji wote wa mchezo! Mkuu wa kampuni akafungua mchezo, akakuta kijiji kizima kina nyuso nyekundu kama nyanya. Ofisi nzima ilivunjika mbavu kwa kicheko, kisha wote wakakimbilia kwa Orrin, chumba kikajaa hadi mlangoni. Alirekebisha taratibu, makusudi, akitamani kazi isiishe.

Kisha zikaja mashine mpya zenye rangi kwa mamilioni, kila nukta na rangi yake yenyewe. Jedwali likakosa kazi. Orrin hakufukuzwa, alipewa mawingu achore. Alikaa akisikiliza viatu vikipita nje bila kusimama, na vicheko vikiishia kule jikoni. Iliuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwishowe alijikaza kiume, akaenda yeye kwa Trudy.

"Wingu langu linanisumbua," alisema. "Naomba unichagulie rangi."

Trudy alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Jamani Orrin, chukua yoyote! Siku hizi hakuna haja ya kumsumbua mtu."

Orrin akasema asante. Alisubiri kidogo, labda angeulizwa ni wingu gani, kisha akarudi chumbani kwake.