Stempu za Jarmo

Huhana Tāwhara aligawa barua bondeni Wainuiomata kwa miaka thelathini na sita, na hakuna mbwa wa bonde lile asiyemjua kwa harufu. Kabla ya hapo, na kwa miezi michache pamoja na hapo, alikuwa akipiga dramu katika bendi ya panki, muziki ule wa kelele na hasira. Wanaomjua kwa barua hawaiamini habari ya dramu. Wanaomjua kwa dramu, nao wamebaki wachache, wanacheka wakisikia kwamba aliishia posta.

Jumamosi moja, mwaka wa pili wa kustaafu kwake, aliamka akakanda unga wa mkate wa kukaanga, akaufunika taulo, akauweka karibu na jiko. Alikuwa akimngoja Lomi Faleafa, mpiga gitaa wao. Lomi alihamia Brisbane zamani kutafuta kazi, kama nusu ya bonde, na sasa amerudi kwa sherehe ya mama yake kutimiza miaka tisini. Alikuwa amepiga simu jana yake.

"Nakuja kunywa chai, dada. Usipike kitu."

Kwa watu wa bondeni, usipike maana yake pika.

Huhana alikuwa na jambo moja la kumwambia. Alikuwa amelibeba miaka thelathini na saba, akalipeleka hata kwenye mazishi na harusi ambako Lomi alikuwepo, akarudi nalo nyumbani vile vile. Safari hii alijiapiza kwamba Lomi hapandi kilima kurudi kwao kabla hajalisikia, hata kama ndiyo kuzika urafiki.

Bonde lile lina barabara moja tu. Unapanda kilima, unashuka, umeingia. Ukitaka kutoka, unarudi kwa kilima kile kile. Ndiyo maana bendi yao waliiita Njia Moja. Polisi wakitaka kuwakosesha onyesho mjini, walikuwa hawana kazi kubwa: gari moja pale kileleni, tochi moja, na swali moja, "Mnakwenda wapi na vyombo hivyo?" Lomi akajibu siku moja, "Kanisani, afande," na kwa kuwa gari lilikuwa la kanisa la mama yake, wakaachiwa.

Walianza mwaka uliofuata ile ziara ya timu ya raga ya Makaburu wa ubaguzi wa rangi, iliyoipasua nchi vipande viwili na nyumba nyingi pia. Baba yake Huhana alikuwa na tiketi ya mechi mfukoni. Huhana alikuwa na kofia ngumu ya pikipiki kichwani, maana virungu vilikuwa vikicheza kwenye maandamano. Walipishana mlangoni.

"Ukirudi na nundu usije kunililia," baba akasema.

"Na wewe timu yako ikifungwa usije kunililia."

Kofia ile ile aliivaa kwenye onyesho lao la kwanza, kwa sababu ya chupa za soda zilizokuwa zikirushwa jukwaani. Lilifanyika katika ukumbi wa maskauti, bila pombe, ili hata watoto wa shule waingie. Nyimbo zao zilikuwa za dakika moja na nusu. Waliimba habari ya mabomu ya nyuklia yaliyokuwa yakilipuliwa chini ya visiwa kule Moruroa, habari ya ardhi, habari ya alfajiri zile polisi walipogonga milango ya wahamiaji wa kutoka visiwani kuwadai vibali vya kuishi, na mmoja wa milango ile ulikuwa wa kina Lomi. Derek Sorensen ndiye aliyeimba, kama kuimba ndiko kule. Hakuna aliyesikia neno, kwa hiyo walikuwa wakigawa karatasi zenye maneno mlangoni. Mama yake Huhana alivaa miwani akaisoma karatasi yote, mbele na nyuma.

"Maneno mazuri haya," akasema. "Sasa mbona hamtaki tuyasikie?"

Mama yule hakuupenda muziki hata siku moja, lakini bendi ngeni ikitoka mbali ililala sebuleni kwake juu ya magodoro, na ilivua viatu mlangoni kama kila mtu. Asubuhi palikuwa na jozi ishirini za buti nyeusi zinazofanana, vijana wenye nywele za kijani wamepiga magoti, wakinusa ndani ya buti kujua ya nani, na mkate wa kukaanga na asali ya maji ukiwangoja mezani. Huhana akiikumbuka bendi huanza na buti zile. Kelele huja baadaye.

Halafu kulikuwa na barua. Watu wa panki wa nyakati zile walikuwa wametawanyika duniani kama mbegu za magugu, kijana mmoja Sao Paulo, wawili Ipoh, mmoja Oulu kule Ufini, na wote walikuwa wakitumiana kaseti. Stempu zilikuwa ghali kuliko kaseti yenyewe. Basi walikuwa na mbinu yao. Ukishabandika stempu unaipaka sabuni kidogo juu, inakauka, haionekani. Muhuri wa posta unagonga juu ya sabuni. Anayepokea anaibandua stempu, anaiweka kwenye maji ya uvuguvugu, wino unaondoka pamoja na sabuni, na stempu inatoka kama imezaliwa leo. Kisha anakurudishia. Chini ya kila barua, baada ya salamu za ukombozi wa dunia, paliandikwa: nirudishie stempu zangu.

Huhana alipopata kazi posta, mwaka wa themanini na saba, jambo hili liliwachekesha wote isipokuwa yeye.

"Posta ni mali ya umma," Lomi alimweleza, akisuuza stempu kwenye sahani ya mama yake Huhana. "Stempu nayo ni ya umma. Umma ni sisi. Wizi uko wapi hapo?"

"Na mshahara wangu unatoka wapi?"

"Kwa umma."

"Basi suuza mbali na mimi, umma wewe."

Alicheka, lakini hakuwa akicheka sana. Kiwanda cha kuunganisha magari kilikuwa kimefungwa, baba yupo nyumbani anatengeneza uzio ambao haukuharibika, na mshahara wa Huhana ndio uliokuwa ukiwasha jiko. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa kwenye majaribio chini ya bwana mmoja aitwaye Pascoe, mtu mpole, mwenye macho ya kunguru. Pascoe ndiye aliyemfundisha kidole gumba.

"Usitazame stempu," alimwambia. "Jicho linadanganywa. Ipapase. Ikiteleza, imepakwa. Iliyopakwa haiendi kwa mwenyewe, inakwenda kwa wakaguzi."

Katika wiki ya kumi, asubuhi, mbele ya meza ya kuchambulia barua, bahasha ya kahawia ilipita mkononi mwake. Sanduku la posta lilikuwa lao, lile lile ambalo yeye mwenyewe alilisajili kwa jina la bendi. Mwandiko ulikuwa wa Jarmo wa Oulu, herufi zake ndefu kama miti ya kwao. Stempu tatu. Kidole kikateleza. Na Pascoe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Hiyo je?" akauliza.

Angeweza kusema hakuna kitu. Mara nyingi baadaye, akiwa juu ya baiskeli kwenye mvua, alilisema neno hilo kwa sauti, kulisikia tu: hakuna kitu. Asubuhi ile alisema, "Imepakwa."

"Kidole kizuri," Pascoe akasema, akaichukua bahasha.

Huhana alijipa moyo kwamba ni kaseti tu, na kaseti za Jarmo zilikuwa mbaya kila siku. Lakini majira ya baridi yalipoingia, bendi ikaanza kusinyaa. Lomi alikuwa na ndoto moja, kupiga walao mara moja mbele ya wale watu wa kwenye bahasha. Alikuwa amewaandikia wote tangu mwaka uliotangulia. Aliyejibu alijibu kwa salamu tu. "Hakuna anayetutaka nje ya kilima hiki," akasema siku moja, na mwezi wa nane akapanda ndege ya Brisbane. Derek akaoa. Wiki mbili baadaye likaja jarida la kurudufu kutoka Oulu, limekunjwa kwenye karatasi ya gazeti. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya bendi zilizoalikwa kuzunguka kule wiki sita, kulala na kula ni juu ya wenyeji. Njia Moja ilikuwa ya nne. Mbele yake paliandikwa: hawakujibu.

Jarida lile Huhana alilifunga ndani ya foronya akaliweka juu ya kabati. Siku ile ya kumngoja Lomi alikuwa amelishusha. Lilikuwa mezani chini ya kitambaa cha kufunikia mkate.

Lomi aliingia akihema, akavua viatu. Nywele zilikuwa zimehamia kidevuni.

"Nilisema usipike."

"Sikupika. Huu umejipika. Mama yako hajambo?"

"Anauliza kama bado tunapiga yale makelele. Nikamwambia Derek siku hizi ni diwani. Akasema, ndiyo hayo hayo."

"Diwani wa mapipa ya taka," Huhana akasema. "Juzi amesimama barazani dakika arobaini, habari ya rangi ya vifuniko. Hakuna aliyesikia neno."

Walicheka mpaka Lomi akashika ukingo wa meza. Wakala mikate miwili miwili. Wakawataja waliokufa, wakalitaja lile gari la kanisa. Huhana aliona kwamba akingoja kicheko kinachofuata, atabaki tena na jambo lake. Akaondoa kitambaa, akalisukuma jarida mbele ya Lomi.

"Ukurasa wa mwisho," akasema.

Lomi alisoma. Huhana hakungoja amalize. Alimweleza barua, stempu tatu, kidole, Pascoe na chai yake. Hakujitetea kwa jiko la nyumbani wala uzio wa baba. "Nilijua ni yetu," alisema. "Niliitoa kwa mkono wangu. Ukasema hakuna anayetutaka, na mimi ninajua kuna barua niliyoizuia, nikanyamaza. Ndiyo hivyo, kaka."

Lomi alilikunja jarida taratibu, kwa mikunjo yake ya zamani. Kisha akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha ya kahawia.

"Hili koti zito, nimelibeba kwenye jua la Brisbane kwa ajili ya hii," akasema. "Ilikuja nyumbani kwa mama, kwa anwani niliyompa Jarmo, mwezi wa kumi mwaka ule. Akanitumia. Soma."

Mwandiko ulikuwa wa miti mirefu. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne. Jarmo anasikitika hawakujibu mwaliko. Bila shaka wana shughuli za mapambano. Ila walao wangemrudishia stempu zake tatu, na sasa tatu hizi pia.

Huhana aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo ulijua kulikuwa na barua ya kwanza."

"Na nilijua nani yuko posta. Sikusoma sana, lakini kujumlisha najua."

"Miaka yote hii?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira ya kukuua, sikufichi. Nilikuwa nikibeba matofali na kukutukana kwa kila tofali. Mwaka wa pili mama akaniandikia kwamba baba yako anaumwa, na kwamba wewe ndiye unayelisha nyumba nzima. Sasa ningesema nini? Sisi tulikuwa tukiimba habari ya wafanyakazi. Wewe ndiye ulikuwa mfanyakazi." Akachukua mkate mwingine. "Halafu mimi ndiye niliyemfundisha Jarmo kupaka sabuni. Na alikuwa akipaka vibaya. Ya mwenye kujua isingegunduliwa kwa kidole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Nje mtu alikuwa akikata nyasi. Huhana aligeuza bahasha, akapitisha kidole gumba juu ya stempu tatu. Zikateleza. Hazijasuuzwa.

"Hukumrudishia," akasema.

"Nilikuwa na hasira naye pia."

Huhana alisimama, akatia maji ya uvuguvugu kwenye sahani, sahani ile ile ya mama yake yenye ufa. Akakata pembe ya bahasha, akailaza majini. Walikaa wakiitazama kama watu wanaochemsha yai. Baada ya muda sabuni ililegea, ikatoka na wino wake kama moshi mdogo, na zikabaki stempu tatu, ndege watatu weupe wa Ufini, hawajagongwa na mtu. Alizibandika kwenye kioo cha dirisha zikauke.

Kwa muda huo waliandika barua. Haikuwa ndefu. Walimwambia Jarmo kwamba mwaliko wake ulipotelea posta, kwamba kosa ni lao na si la mapambano, na kwamba ungewafikia wangekuja. Hilo la mwisho Lomi alilipigia mstari. Kama anaishi bado pale, au kama anaishi, hawakujua. Huhana akaandika anwani yake mwenyewe nyuma, ili isipompata mwenyewe irudi kwake. Akatia ndege watatu ndani, akalamba bahasha, akatoa stempu mpya kwenye droo.

Lomi alikuwa ameshika kipande cha sabuni kutoka kwenye sinki.

"Kidogo tu, dada. Kwa ajili ya zamani."

"Toa mkono," Huhana akasema, akaibandika stempu, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.