Kengele ya Beberu wa Nyanya

Harufu ya spiriti hunirudisha Kakuma, kwenye boma letu, mama akimpangusa nyanya paja kabla ya kumdunga dawa ya sukari. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya mtungi uliofukiwa mchangani, ipate ubaridi.

Jioni moja mbuzi walirudi kutoka malishoni, vumbi limewatangulia. Nyanya alipowaona aliinuka ghafla, fimbo mkononi.

"Wezi! Wamezijaza kengele nyasi!"

Wezi wa mifugo walikuwa na desturi ya kufanya hivyo, wapate kuwaswaga mbuzi kimyakimya. Akamkamata beberu wake, akaingiza kidole ndani ya kengele. Hamkuwa na kitu. Akaitikisa. Mlio ulitujaa masikioni sisi wengine. Yeye akaitikisa tena, kwa nguvu zaidi.

Kule hospitali ya Lodwar sista alikuwa amemwonya mama kwamba sukari ikizidi huumiza macho na miguu, hata masikio. Mama akamshika nyanya mkono, akautuliza.

"Kumbe mbuzi hawajaibiwa," nyanya akasema polepole.

Leo nimetoka kliniki kupimwa sukari, pamba ya spiriti ningali nimeibana kidoleni. Kengele ile imetundikwa jikoni kwangu. Kabla ya kuvua viatu nimeichukua, nikaitikisa karibu na sikio, kisha nikaitikisa tena.