Mjukuu Wangu Yuko Nairobi, Nyuma ya Pazia

Nimekosa. Sitazunguka. Nimemfungia mjukuu wangu ndani ya nyumba yangu hapa mtaani Muyeye, na sikutumia kufuli wala kamba. Nimetumia mdomo huu huu ninaoonjea mbaazi.

Jina langu silitaji. Mkinijua mtakuja kununua mahamri kwangu huku mnacheka, na mahamri ndiyo yanayoniweka mjini.

Mimi ni mama mzee, shule niliachia darasa la tatu, herufi nazijua lakini hazinipendi. Msinihurumie. Nisomeni tu, halafu mtazameni mtoto aliye nyumbani kwenu.

Mjukuu wangu nitamwita Charo, ingawa si jina lake. Jina lake la kweli ni la babu yake, marehemu mume wangu. Ndivyo tunavyofanya sisi Wagiriama. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanao huchukua jina la babu, na wewe nyanya unamwita mume wangu, naye anakuita mke wangu. Watu wanacheka, ni utani. Lakini si utani mtupu! Ukimwita mtoto mume wako tangu ananyonya, unaanza kumdai vitu ambavyo mtoto hadaiwi.

Marehemu alikuwa mgema. Mtu mwema, sikatai, hakuniinulia mkono hata siku moja. Lakini asubuhi yuko juu ya mnazi, jioni yuko juu ya mnazi, kisu kiunoni, na akirudi ananuka tembo la mnazi mpaka mto wa kulalia. Kanisani kina mama waliniita mke wa mgema. Hata nilipokwisha kumzika waliniita hivyo! Nikavumilia, nikasema moyoni, ngojeni. Huyu Charo wa pili atavaa tai. Nitalisafisha jina hilo mbele yenu.

Jamani, jina lilikuwa na uchafu gani? Nilikula jasho la mgema maisha yangu yote, leo nataka kulisafisha!

Charo mwenyewe mapenzi yake yalikuwa mitambo ya baridi. Jirani yangu Bi Salama, tunayegawana naye ukuta, huuza barafu za ubuyu. Siku friji yake ilipogoma, Charo akiwa bado anavaa kaptura ya shule, aliivuta, akaweka sikio, akagusa hapa na pale, ikaunguruma. Bi Salama akamwagia dua kama mvua. Tangu siku hiyo, mtaa mzima ukipata friji mbovu, unamwulizia Charo.

Alipomaliza sekondari tulikwenda duka la kompyuta kujaza kozi. Nilikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, nimevaa leso zangu mpya.

"Hawe," akasema. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Mimi nataka chuo cha ufundi. Friji na mitambo ya baridi. Mji wenyewe huu joto, hoteli zimejaa, samaki wamejaa. Sitakosa kazi mpaka nizeeke."

"Mume wangu wa kwanza alipanda minazi," nikamwambia. "Wa pili hatatambaa chini ya friji."

Akacheka. "Basi mke wangu, mumeo atambae wapi?"

"Hatambai! Anakaa. Kwenye kiti kinachozunguka. Nisomee majina ya kozi za chuo kikuu."

Akanisomea, sauti imepungua. Alipofika kwenye Uhusiano wa Kimataifa nikapiga makofi. Jina lilijaa mdomo! Nikaona ndege, nikaona suti, nikaona kina mama wa kanisani wakilitamka na kujiuma ulimi.

"Hiyo hiyo," nikasema.

"Hawe, ukimaliza hiyo unafanya kazi wapi?"

"Kimataifa! Hujasoma mwenyewe hapo?"

Kijana wa dukani akaficha uso nyuma ya kompyuta yake. Nilidhani anakohoa.

Minazi ya marehemu, ile ile niliyoionea haya, ndiyo niliyoiuza mmoja mmoja ikamsomesha. Charo alisoma. Hakuniangusha. Siku ya mahafali nilimtembeza Muyeye nzima na joho lake, jua la utosi, jasho linamtiririka, nami mbele namfungulia njia kama bwana harusi.

Halafu pakawa kimya.

Alituma maombi ya kazi huku na huku. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu akataka mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, na angeifanya wapi mtoto wa watu kama hamna anayempa? Wenzake waliosoma naye, mmoja anaendesha tuktuk, mwingine amerudi kwao Rabai kufuga kuku. Charo akaniambia, "Hawe, niruhusu nikashike spana." Nikamwambia, "Na digrii tuitundike wapi, chooni?"

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Jumapili moja tumetoka ibada, mama mmoja mwenye ulimi mrefu akaniita mbele ya wenzake. "Mama, mumeo siku hizi simwoni. Au amerithi kisu?"

Walicheka! Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikasema, "Namshukuru Mungu, mume wangu ameitwa kazini Nairobi. Ofisi kubwa. Ameondoka jana!"

Vigelegele! Mchungaji akasema Mungu wetu hachelewi. Yule mama wa kisu akanikumbatia. Nami nimesimama hapo katika nyumba ya Mungu, nikijua kabisa Charo yuko nyumbani amevaa bukta, anamenya vitunguu.

Nilipomwambia, alikaa chini. Sikumbuki kama aliniuliza kwa nini. Nilimwomba siku chache tu ajifiche, mpaka kazi ya kweli ipatikane, ndipo "arudi likizo." Akakubali. Na yeye alikuwa na haya zake, digrii ukutani na mifuko mitupu. Haya zangu na haya zake zikaoana.

Siku chache hizo zikawa miezi.

Muyeye si mahali pa kuficha mtu! Nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Nami nakaanga mahamri mlangoni, wateja wanakuja kabla jua halijachomoza. Charo alioga giza bado halijatoka. Viatu vyake nilivisukuma chini ya kitanda changu. Mchana kutwa alikaa nyuma ya pazia la chumba, bati linamchoma kichwani, akikohoa ndani ya mto. Kijana mzima mwenye mabega kama mlango!

Bi Salama aliniuliza, "Mbona sufuria la sima limekuwa kubwa hivyo, shoga?"

"Uzee," nikamjibu. "Nimeingiwa na njaa."

Mama mwingine wa kanisani akaniletea kuku, jogoo mwekundu, ili Charo amtafutie mwanawe kazi huko Nairobi. Nikampokea! Ningesema nini? Tukamla, mimi na mtu wa Nairobi.

Basi friji ya Bi Salama ikafa, joto limepamba moto na barafu zake zote ndani. Tulimsikia ukutani akilia, "Laiti Charo angekuwapo!"

Charo akaweka sikio ukutani. Akaninong'oneza, "Ni kile kidude cha kuamsha mota, Hawe. Kimeungua. Unasikia inavyojaribu kuamka inashindwa? Nipe dakika moja nitoke."

"Utoke uende wapi? Wewe uko Nairobi!"

Akashika pazia. Nikashika mkono wake. Tulisimama hivyo, na ng'ambo ya ukuta ubuyu wa mama wa watu unayeyuka. Akaliachia.

Bi Salama akaita fundi kutoka mjini. Fundi akaitengeneza, na wakati wa kuondoka wakaja wote wawili mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama," fundi akasema. "Nimeambiwa una kijana mwenye mkono wa baridi. Nimepata kazi ya kutunza mitambo ya ghala la samaki kule Dabaso, na hoteli kadhaa za Watamu. Peke yangu siwezi. Nataka kijana nimfundishe, baadaye awe wangu kabisa. Yuko?"

Nyuma yangu pazia lilitikisika. Naapa lilitikisika.

Bi Salama akajibu kabla yangu, kwa fahari yangu niliyomwambukiza. "Huyo? Utampatia wapi! Yuko ofisini Nairobi."

Fundi akaniangalia mimi. "Ni kweli, mama? Hawezi kurudi?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Mafuta yanachemka. Neno lilikuwa moja tu, yupo. Yupo! Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kulitamka.

Nikasema, "Ni kweli. Ana kazi nzuri."

"Basi Mungu amzidishie. Nitatafuta mwingine."

Wakaenda. Hamri moja likaungua, nikaliangalia likigeuka mkaa.

Nilipoingia ndani, Charo alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru!

"Umemsikia alivyosema?" akauliza. "Angenifundisha. Baadaye niwe wake kabisa."

"Bi Salama alikuwa pale, mume wangu. Ningejibu nini?"

Akanitazama kama mtu niliyemkuta kituoni. "Sawa, nyanya."

Si mke wangu. Hata si Hawe. Nyanya, kama unavyomwita muuza mchicha usiyemjua. Na mpaka leo ni shikamoo asubuhi, asante kwa chakula, na uso ukutani.

Niliumwa. Jumapili mbili nilisimama wakati wa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa afya, nikakaa. Ya tatu nikasimama nikasema kwa sauti, ili nisiweze kuirudisha, "Charo hayuko Nairobi. Hajawahi kwenda. Nilidanganya hapa hapa mbele ya madhabahu. Yuko nyumbani nimemficha kama kitu cha wizi."

Kina mama wote wakageuka kunitazama.

Kisha nyuma kabisa, sauti ikauliza, "Na jogoo wangu je, mama?"

Walicheka. Yule wa kisu hakucheka, aliinama akatazama viatu vyake, na hilo liliniuma zaidi. Mchungaji akaniombea. Nikatoka mwepesi, nikasema, kwisha! Kumbe ni rahisi hivi!

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi, na leso zangu za kanisani. Nikamweleza yote. Akavua kofia, akajikuna.

"Mama, alikuwa ndani? Siku ile?"

"Nyuma ya pazia."

"Lo! Ungesema hata kesho yake. Nimeshachukua kijana wa kule kule Dabaso. Ameanza, anajitahidi, siwezi kumfukuza bila kosa. Nikipata nafasi nyingine nitakuita."

Hajaita. Simlaumu.

Nilirudi nyumbani, nikaliteremsha lile pazia na kulikunja. Nikaacha mlango wazi mpaka mwisho. "Charo," nikamwambia, "watu wote wanajua. Toka, baba. Toka ukanyooshe miguu. Bi Salama anakuulizia, hajakasirika."

Hakugeuka. "Niende wapi, nyanya? Mimi niko Nairobi."

Mpaka leo ninapoandika haya bado amekaa pale pale. Mlango uko wazi, wateja wanamwona, wengine wanamsalimu kwa upole, anaitikia. Lakini hatoki! Bi Salama alimletea feni mbovu amtengenezee, ili apate tu cha kushika. Aliitengeneza bila kuinuka kitandani, akamrudishia, akalala. Sasa ninapokaanga mahamri asubuhi, sina ninachoficha, na bado naogopa kugeuka nyuma.

Sisemi kozi ile ni mbaya. Wako watoto wanaoipenda, wakasome, waende huko mbali. Mjukuu wangu hakuipenda. Niliipenda mimi, na mimi sikukaa darasani.

Nyinyi kina nyanya wenzangu mlio na waume wadogo nyumbani, na nyinyi wazazi mnaokaa kwenye viti vya plastiki maduka ya kompyuta, mwacheni mtoto asome majina yale kwa sauti yake, na msipige makofi. Akitaka spana, mnunulieni spana. Na kama mmeshamdanganyia watu, ameajiriwa, amesafiri, yuko masomoni, na huku amejikunja chumbani kwenu, nendeni mkaseme leo. Msingoje Jumapili. Semeni wakati bado anashika pazia akitaka kutoka.